Mlango Ulivimba, Haukufungwa

Ukiitwa kwenda kutengeneza mlango uliopigwa teke, usiulize nani kaupiga. Salimia, weka begi la vifaa chini, toa futi, pima. Ukiuliza utapewa majibu mawili yasiyofanana, na kila mmoja atataka useme kwamba mkweli ni yeye. Ukipima, mlango wenyewe utakueleza. Teke la mtu mwenye akili zake hutua karibu na kitasa, kwa sababu anajua kinachomzuia ni kitasa. Teke la mlevi hutua popote, mara nyingi chini kwenye ubao wa katikati, na juu yake utakuta alama za kiganja na bega, maana alikuwa anajishikilia asianguke.

Nawaandikia ninyi mnaoanza useremala, hasa mtakaofungua karakana kando ya barabara kuu huku kwetu, kuanzia Chimala mpaka Mafinga. Kazi hii nimeiacha kabla ya uzee. Vumbi la mbao liliingia kifuani na kifua kikagoma. Chuo sikusoma. Niliyoyajua niliyapata kwa mwalimu mmoja, kwa vitabu vya mitumba nilivyookota stendi, na kwa milango ya watu. Habari za meza na vitanda mtafundishwa na wengine. Mimi nataka niwaeleze habari za milango ya nyumba zenye pombe, kwa sababu mtaitwa huko mara nyingi kuliko mnavyodhani, na mimi hakuna aliyeniambia mapema kwamba nikiingia humo naingia katikati ya mke na mume.

Milango mingi ya huku ni ya msonobari. Ni mbao nyepesi, inapatikana, inaikubali randa. Tatizo lake ni maji. Ikipasuliwa mbichi na kuuzwa mbichi, kiangazi husinyaa na masika huvimba. Sasa masika ndiyo majira ya ulanzi. Mianzi inagemwa asubuhi na jioni, na pombe inakuwa nyingi kila kona. Kwa hiyo mbao na watu hulowa pamoja. Mume anarudi jioni amelewa, anasukuma mlango, mlango umevimba na kukaza kwenye fremu. Habari za unyevu yeye hazijui. Anachojua ni kwamba mlango wake haufunguki, na kwamba ndani yumo mke wake.

Hivyo ndivyo nilivyowafahamu Baba Tumaini na Mama Tumaini, pale Nyololo. Mume alikuwa akipakia mbao kwenye malori. Mke alikuwa akiuza sokoni mchele anaoufuata Chimala. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, huyo Tumaini, na nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma ambayo mlango wake wa mbele walikuwa wameununua tayari barabarani, mbichi kabisa.

Mara ya kwanza nilipoitwa, ubao wa chini ulikuwa umepasuka. Baba Tumaini alikuwa amekaa kwenye benchi uani, amenawa uso, ana aibu, lakini mzaha bado anao.

"Fundi, huyu mama alinifungia nje kama kuku," akaniambia.

Mkewe akacheka. Akasema Baba Tumaini alipigana na mlango usiku, na mlango ukashinda.

Nikakagua. Kitasa kilikuwa kizima na ulimi wake haukuwa na hata mkwaruzo. Ukingo wa mlango, upande wa juu, ulikuwa umesuguka mpaka rangi ikang'aa. Nikamwita Baba Tumaini nikamwonyesha: hapa palikaza, mlango ulivimba, haukufungwa. Nikaurudishia mbele ya macho yake bila kugusa kitasa, nikamwambia asukume. Ukamgomea. Nilifurahi, nikadhani nimemaliza ugomvi wa watu kwa kazi ya dakika chache.

Aliuangalia ule ukingo, akaupitishia kidole. "Sawa, ulivimba," akasema. "Lakini yeye aliposikia nahangaika, alikuja kunifungulia?"

Nilichojifunza siku ile ni kwamba mlevi hatafuti sababu ya mlango kugoma. Sababu anayo tayari, anatafuta shahidi. Na neno hilo, "ulinifungia", halikuondoka tena katika nyumba ile. Kila nilipoitwa baadaye nililikuta.

Kuhusu randa, shikeni hili. Mlango wa msonobari ukikaza masika, usiuchonge mpaka upite kwa ulaini. Chonga kidogo tu, ule upande wa kitasa, ubaki ukigusa. Ukiuchonga sana, kiangazi utasinyaa, utaacha mwanya wa kupitisha kidole, na mteja atasema fundi hajui kazi. Ukimaliza kuuchonga, upake rangi palepale ulipochonga, na usisahau ukingo wa juu na wa chini ambao hauonekani. Maji huingilia huko. Mafundi wengi huacha kupaka huko kwa sababu hakuna anayetazama.

Nilipoendelea kurudi katika nyumba ile, nilianza kugundua mabadiliko ambayo hayakuwa ya mbao. Yalikuwa ya majina. Mwanzoni mke alikuwa akimwita mumewe Baba Tumaini, kama ilivyo heshima. Masika mengine nikasikia anamwita "huyu". "Huyu jana amekalia kiti kimevunjika." Baadaye hata "huyu" ikapungua, akawa anamtuma mtoto: "Tumaini, mwambie baba yako chakula kiko mezani," na baba yako mwenyewe kakaa palepale, anasikia. Naye anajibu kwa njia hiyohiyo: "Mwambie mama yako sili." Mtoto asipokuwepo, mimi ndiye nilikuwa mtoto. Niko chini nimeshika bisibisi, mmoja ananiambia, fundi mwambie huyu asiguse rangi mbichi, na mwingine ananiambia, fundi mwambie sijagusa.

Nilikubali kazi hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu ilionekana ni adabu. Nawashauri msiikubali. Mkipeleka maneno ya watu wanaosikilizana vizuri kabisa, mnawasaidia wasizungumze.

Kulikuwa na jambo la bawaba. Baba Tumaini alikuja karakana akaniomba nipitie nizipake grisi bawaba za mlango wa mbele, zinapiga kelele. Nikaenda. Mkewe aliponiona na kopo akanizuia. Akanieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza namna ya kuosha mchele, kwamba zile kelele anazihitaji. Mlango ukilia taratibu, amerudi mzima, anaandaa chakula. Ukilia kwa mkupuo, amelewa lakini ana furaha, ataimba halafu atalala. Ukilia, ukanyamaza, ukalia tena, hapo anamtoa mtoto kwa mlango wa uani kwenda kwa jirani.

"Ukiweka grisi utakuwa umenifumba macho," akasema.

Niliondoka na kopo langu. Mume aliponiuliza nikamwambia bawaba zimechakaa, hazishiki grisi. Hazikuwa zimechakaa. Nawaeleza ili mjue kwamba bawaba moja inaweza kuwa na wateja wawili, na hamtawaridhisha wote.

Msidhani mlevi ni mume siku zote. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Ambakisye, Mnyakyusa aliyekuwa na karakana Chimala, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Nikiwa bado najifunza kwake, alikuja mfanyabiashara wa mpunga, mtu nadhifu, akataka komeo kwenye mlango wa chumba, lakini likae upande wa nje. Mkewe alikuwa akinywa, na yeye akitoka asubuhi kwenda mashineni alitaka akirudi amkute. Alieleza vizuri, bila hasira. Alisema amechoka kumtafuta vilabuni, amechoka kumnusa mdomo kila akiingia, na kwamba siku hizi hawaongei kitu kingine nyumbani isipokuwa umetoka wapi.

Mzee Ambakisye alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia komeo la nje ni la stoo ya mpunga na la banda. "Ukimfungia mtu kwa nje, wewe si mume tena, wewe ni askari," akasema, "na askari hapumziki." Yule mfanyabiashara akaenda kwa fundi mwingine, bila shaka. Ila kanuni ile niliishika na sijawahi kuivunja: komeo la chumba cha mtu hukaa ndani, kwa mtu mwenyewe.

Kanuni nyingine ya Mzee Ambakisye niliishika, halafu nikaiacha. Ilikuwa ni ya skrubu. Komeo la chumba, alisema, lifunge kwa skrubu fupi. Mtu akisukuma kwa nguvu, komeo ling'oke kabla fremu haijapasuka. Komeo unalirudishia siku hiyohiyo. Fremu ikipasuka inatoka na plasta, na ukuta unafuata. Kiufundi alikuwa sahihi. Nilifunga makomeo mengi hivyo, Chimala na baadaye Nyololo, na milango yangu ilisifiwa kwa kudumu.

Basi Mama Tumaini akaja karakana asubuhi moja, peke yake. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kidevuni, na jicho moja lilikuwa limevimba. Sikuuliza. Akasema anataka komeo kwenye mlango wa chumba, kwa ndani. Alikuwa akimlaza Tumaini humo pamoja naye siku hizo, na mume akilala sebuleni.

"Kila siku nasikia nilimfungia," akasema. "Sijawahi kumfungia hata siku moja. Sasa nataka kumfungia kweli."

Lazima mwelewe uzito wa ombi hilo. Huku kwetu mke kuweka komeo chumbani na mume yuko hai, nje ya mlango, ni jambo linalofika kwa wakwe. Ni sawa na kutangaza. Akilifunga asubuhi, jioni litakuwa limeshasemwa sokoni, na Jumapili limefika kwa wazee wa kanisa. Alijua hivyo kuliko mimi. Alikuwa amepima vitu viwili, ndoa yake na mwili wake, akaona havikai tena chumba kimoja.

Nikachukua komeo imara na paketi ya skrubu, zilezile fupi. Aliziona mkononi mwangu nikiwa nazichagua. Akaniuliza kwa nini ndogo hivyo. Nikamweleza kanuni kama nilivyofundishwa, nikajiona mtaalamu: mtu akisukuma, komeo linatoka, mlango na fremu vinapona.

Alinitazama kwa lile jicho zima.

"Fundi, mimi sitaki mlango upone. Nataka nipone mimi."

Nilirudisha zile skrubu kwenye paketi. Kwa miaka yote ile sikuwa nimejiuliza upande wa pili wa mlango yuko nani. Nilikwenda na skrubu ndefu zinazopita fremu na kushika tofali, nikaweka bamba la chuma upande wa pili wa fremu, na komeo la pili chini, karibu na sakafu, kwa sababu mlango uliofungwa sehemu moja hujipinda na kuachia. Fanyeni hivyo. Ukuta ukipasuka, utazibwa kwa saruji.

Wiki ileile wifi yake akanifuata karakana, dada mkubwa wa Baba Tumaini, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Watu wote wa stendi walisikia.

"Kamwene, fundi. Wewe ndiye unayefungia kaka zetu nje?"

Nikamwitikia kamwene yake. Nikamwambia mimi nafunga makomeo, kufungia ni kazi ya mwenye mlango.

"Basi na mimi nitengenezee moja," akasema, "nimfungie nje mume wako akija kwangu." Nikamjibu kwamba sina mume, nina mke. Akasema naye atamfungia. Watu wakacheka, na yeye mwenyewe mwishoni akacheka, akakaa kwenye mbao zangu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini sasa, kama wifi yake ameumia sana. Nikamwambia nenda ukamwone. Akaenda. Tangu siku hiyo hakulisema tena komeo lile vibaya.

Baba Tumaini aliacha pombe. Halikuwa komeo lililomwachisha. Alianguka kutoka juu ya lori lililosheheni, akalazwa muda mrefu, na daktari akamweleza hali ya ini lake bila kumzungusha. Alipotoka alikuwa mwembamba, amekuwa na macho kama ya mtu aliyeamshwa. Akajiunga na wanaume wengine walioacha, wanaokutana kanisani baada ya ibada. Masika yakaja, ulanzi ukajaa, naye akapita kando. Watu wakampa hongera. Na mimi nilimpa.

Hapa ndipo nilipokuwa na mawazo ya kiseremala. Nilidhani ndoa ni mlango uliochomoka kwenye bawaba: ondoa kilichouchomoa, uinue, urudishie, utaendelea kufunga na kufungua. Haikuwa hivyo. Kwa miaka yote mke ndiye alikuwa akiamua mbegu ya kupanda, shule ya mtoto, lini wapake nyumba rangi. Mume alirudi akataka kukaa kwenye kiti chake, akakuta kimekaliwa na mtu anayekijua vizuri kuliko yeye. Akichelewa kwa sababu ya mvua tu, mke alikuwa ameshaingia chumbani na kufunga. Na sasa alikuwa mzima. Zamani komeo lilikuwa likifungwa yeye hajitambui. Kwa mara ya kwanza alikuwa akilisikia.

Akaja kwangu Jumamosi moja asubuhi. Akaniomba nikamtolee lile komeo.

Nikamuuliza kama Mama Tumaini anajua.

"Ni nyumba yangu," akasema.

Nikamwambia nyumba ni yake, lakini komeo niliagizwa na mwingine.

"Basi njoo umuulize wewe. Mimi nikimsemesha, anaujibu ukuta."

Nikaenda na begi langu. Mama Tumaini alikuwa uani anapepeta mchele, ungo mapajani, kuku wakimzunguka. Baba Tumaini akakaa kwenye benchi. Wakaanza palepale, kama walivyozoea.

"Fundi, mwambie nimeacha pombe."

"Mwambie najua."

"Mwambie basi komeo la nini."

Mke aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele. Alipozungumza, alizungumza nami, polepole, na nadhani alikuwa ameyafikiria muda mrefu.

"Alipokuwa anakunywa nilijua la kufanya. Nasikia mlango, najua niweke chakula au nimtoe mtoto. Sasa anakaa pale ananiangalia. Ananiuliza tumepanda mbegu gani, kama mgeni. Yeye ameacha, fundi. Masikio yangu hayajaacha."

Baba Tumaini akafungua mdomo. "Mwambie hata mimi..."

Nikamkatiza. Nikasema kuanzia sasa sipeleki neno lolote. Kutoka kwenye benchi mpaka kwenye ungo hapakuwa na umbali wa kuhitaji tarishi, na mimi nimekuja kwa kazi ya mbao. Wakinipa kauli moja, nitatoa komeo au nitaliacha. Nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikatazama kuku.

Nikaanza kujuta. Mara mbili Baba Tumaini alianza kusema "mwambie", mara mbili akaacha. Mwishowe akamgeukia mkewe.

"Unaniogopa?"

"Namwogopa yule mwingine," mke akasema. "Wewe bado sikujui vizuri."

"Litoke basi, unijue."

Aliweka ungo chini.

"Baba Tumaini, hapana."

Nilikuwa sijamsikia akitamka jina lile, kwa mtu mwenyewe, tangu siku za ule mlango wa kwanza. Nadhani na mumewe alilisikia, kwa sababu alikuwa ameshainua mkono ili abishe, mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha gotini.

"Hapana kabisa?"

"Bado. Na usiniulize mpaka lini, maana sijui, nitakudanganya. Usiku utakapoona sijafunga, nyamaza. Usiseme chochote."

"Nikisema?"

"Nitafunga."

Akatoa pumzi kwa pua, karibu kucheka. "Haya, Mama Tumaini."

Kuku mmoja akapanda kwenye ungo, mke akamfukuza. Baba Tumaini akasema, kwa kuwa wanazungumza, ile mbegu ya mahindi haifai kwa shamba la bondeni. Mke akamuuliza alikuwa wapi mbegu ilipochaguliwa. Akajibu kwamba mwaka huo anajua alikuwa wapi, na mwaka huu yupo hapa. Mke akamwambia kama yupo asogeze benchi, hawezi kubishana na mtu wa mbali na kuku wanapiga kelele hivi. Akasogeza. Wakaendelea na habari za bondeni, wewe ulisema, wewe hukusikia, wewe ndiye uliyekataa, kila mmoja akimtazama mwenzake usoni.

Nikachukua begi langu. Bisibisi haikuwa imetoka humo. Nikapita nyuma yao mpaka barabarani, na hakuna aliyeniaga.